Mwaridi wa Mama Mkwe

Nilipoolewa kutoka Kilwa Kivinje kwenda Lindi, mama yangu alinifungia vitu vya kawaida vya bibi harusi, kanga, udi, mto wa sufi, na juu ya hivyo vijiti vitatu vya mwaridi alivyovikata uani asubuhi ile ile. Alivichomeka katika kipande cha mgomba ili visikauke njiani, akakizungushia kitambaa kibichi, akanikabidhi.

"Mizigo mingine itakwenda juu ya lori," alisema. "Huu upakate."

Basi nikapakata. Wakati ule Mwingereza ndiye aliyetawala, na barabara ya kwenda Lindi ilikuwa barabara kwa jina tu. Kiangazi kilikuwa kimekaza, lori limejaa watu na magunia, nami bibi harusi mzima nimekaa na mgomba mapajani, buibui limegeuka rangi kwa vumbi. Mume wangu, karani wa forodha na kijana mtanashati, alijitia hanijui kila tuliposimama penye watu.

Mama mkwe alitupokea mlangoni. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha macho yake yakashuka kwenye mgomba.

"Na hicho?"

"Mwaridi, mama."

"Ahaa. Karibu ndani. Mwaridi tunao."

Kweli alikuwa nao. Aliachiwa na muuguzi wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao, ndani ya debe, naye akauhamishia katikati ya ua. Maua yake yalikuwa na wekundu wa tarabushi mpya, na mgeni alionyeshwa mwaridi kwanza, ndipo akapewa mkeka. Harufu ndiyo haikuwapo. Nilijaribu mara kadhaa, nikijifanya napangusa majani, pua yangu isipate kitu.

Vijiti vyangu nilivipanda nyuma ya jiko. Udongo wa pale ulikuwa mchanga mtupu, kwa hiyo niliwaomba wanawake walioleta kuni kutoka vilimani waniletee na kapu la udongo. Nikauchanganya na samadi ya mbuzi, nikamwaga jivu kuzunguka ili mchwa wasisogee. Kijiti kimoja kilikufa, viwili vikashika. Kila nilipoosha mchele, maji yake yalikwenda huko. Maua yalipokuja yalikuwa ya rangi ya waridi hafifu, yamejikunja kama leso iliyokaliwa, lakini ukiliweka moja ndani, nyumba nzima inajua.

"Dogo," alisema mama mkwe alipolinusa. "Lakini lina bidii."

Mama yangu alikuwa amenifundisha kuutambua mwaridi kwa majani, maana maua hayapo kila siku. Wa kwetu una vijani vitano kwenye kila kikonyo, havina mng'ao, kwa chini ni laini kama sikio la mwanambuzi, na miiba yake ni myembamba na mingi. Ule mwekundu nao ulikuwa na vijani vitano, ila vyake vinang'aa, na miiba michache, minene. Nilizijua sura za miti hii miwili kama unavyowajua majirani.

Masika yalipokwisha, tulikwenda Mingoyo kumwuguza shangazi yake mume wangu. Tuliporudi nikamkuta mama mkwe na furaha tele. Chini kabisa ya mwaridi wake lilikuwa limechomoza tawi jipya, refu, nene. Matawi ya zamani yalikuwa yamedhoofu, akaona yanamnyonya kijana, akayakata yote. Majani ya lile tawi niliyaona madogo, nikadhani ni uchanga.

Tawi likawa kichaka. Miezi ikapita bila ua hata moja. Wakati huo wifi yangu alikuwa amechumbiwa, na mama mkwe alikwisha kuwatangazia watu wote kwamba mwanawe atatoka na mawaridi mekundu kichwani. Arusi ilipokaribia, mwaridi ukachanua. Maua meupe, madogo, mafungu mafungu, kama bisi zilizomwagika.

Mama mkwe aliketi chini akautazama. Jirani wa mlango wa pili alikuja akautazama pia.

"Kuna mtu kanibadilishia," alisema mama mkwe.

"Watu wana mambo," alisema jirani.

Wote wawili wakageuka kuelekea nyuma ya jiko, ambako mwaridi wangu ulikuwa umejaa maua. Nikaenda nikachuchumaa penye kile kichaka. Nikahesabu vijani: saba. Nikafukua udongo kwa vidole. Kisiki cha matawi yaliyokatwa kilikuwa kimeketi juu ya fundo, na tawi jipya lilitokea chini ya fundo hilo. Hapo nikaelewa, kwa sababu baba yangu alikuwa akibebesha michungwa juu ya milimau, yaani akiunga kijiti cha mchungwa kwenye shina la mlimau, na asipoiangalia, mlimau wa chini huchipua ukammeza mwenzake.

"Mama, hii ilikuwa miti miwili," nilisema. "Wa chini umebebeshwa wa juu. Huu ndio wa chini. Mwekundu ndio ule ulioukata."

Mama mkwe alikigusa kile kisiki kwa kidole.

"Yaani nimemfukuza bibi harusi," alisema, "nikabaki na mpishi wake."

Jirani alianza kucheka, naye mama mkwe akamfuata, mpaka wote wawili wakajifuta machozi kwa ncha za kanga.

Hata hivyo kuniomba maua yangu hakuniomba. Alituma dukani akaletewa mawaridi ya karatasi, mekundu kweli kweli, yananuka gundi. Lakini asubuhi ya arusi, jua halijatoka, nilimwona amesimama mlangoni mwa jiko.

"Mwanangu, kale kadogo kako kana maua ya kutosha?"

"Yapo, mama."

"Nikatie."

Tukachuma pamoja, umande ungalipo. Tuliyachanganya na asumini na rehani tukafunga vikuba, vishada vya kupachika kifuani, na yale yaliyo mazuri zaidi tukayaweka kwa ajili ya nywele. Kisha akaondoka, akarudi na upande wa kanga umejaa maua meupe, akayatunga mwenyewe kwenye uzi. Wifi yangu alitoka na ya rangi zote mbili, na chumba kilinukia hata wazee wakauliza ni marashi gani. Ya karatasi walipewa watoto.

Tangu siku hiyo mama mkwe aliumwagilia mwaridi wangu bila kuambiwa, na waliokuja kuomba vijiti aliwapa yeye, pamoja na maelezo marefu. Ule mweupe nao ukatambaa hadi kwenye ua wa makuti, mbuzi wakaacha kupita njia hiyo. Ijumaa moja ulimchania mume wangu kanzu akienda msikitini. Alirudi kubadili, akasema leo hii anaung'oa.

"Utapita upande wa pili," mama yake alimwambia. "Huu umechipua wenyewe."