Neno "Kuhama" Mlangoni mwa Ghala

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwa Katibu Tarafa, mzee wa Kimakua asiyecheka ovyo. Cheti hakukigusa. Alinipa karatasi, akasema, "Andika tangazo la kuita watu mkutanoni." Nikajaza ukurasa mzima. Akausoma, akauchana. "Unawaita au unawahubiria? Andika maneno machache." Nikaona ana gubu tu.

Nyinyi vijana wa kompyuta hamjui. Mtendaji wa kijiji ndiye serikali ya pale. Anaitisha mikutano, anaandika muhtasari wa yaliyokubaliwa, anaangalia akidi, yaani watu watoshe ili mkutano uwe halali. Nilianzia Lupaso, nikapelekwa Chiungutwa kwa baiskeli, godoro nimelifunga nyuma. Kisha wakanipandisha mlimani upande wa Newala, kwenye kijiji kinachopakana na wilaya ya Masasi, ambacho jina lake nitalimeza.

Mikorosho ya pale unaitazama mpaka unachoka. Lakini barabara ya Newala ilikuwa mchanga mtupu, zahanati ya karibu ilikuwa upande wa Masasi, na ushuru wa korosho ulikwenda wilayani usirudi hata kama bomba la maji. Vijana wakachachamaa: "Tujitenge! Twende Masasi!" Bosi wangu, Mtendaji wa Kata, akaniambia, "Waitishie mkutano mkuu wapige kura. Watakachoamua tutakipeleka juu. Wewe usiegemee kokote."

Nikabandika tangazo mlangoni mwa ghala la korosho: AJENDA: KIJIJI KUHAMA NEWALA NA KUHAMIA MASASI. Nikajisifu kwa ufupi wake.

Siku ya mkutano vijana walijaa, wazee hakuna. Akidi haikutimia. Nikaudhika, nikaanza kuwafuata majumbani, wa kwanza Mama Somoe, mjane aliyekaa peke yake.

"Shikamoo, Mama Somoe."

"Marahaba, Mtendaji. Lori linakuja lini?"

"Lori gani tena?"

"La kutuhamisha. Si umeandika mwenyewe?"

Loo! Mama yule alikuwa miongoni mwa waliopakiwa kwenye malori zamani, watu walipokusanywa vijijini na nyumba zao kubomolewa huku wanatazama. Nikachungulia uani. Mikorosho yake yote ilikuwa imelala chini, majani bado mabichi.

"Safari ile niliacha mikorosho ya baba yangu, wakavuna wengine," alisema. "Safari hii nimemwita mtu mwenye shoka mapema."

Nikaeleza mbiombio, jasho linanitoka. Hakuna mtu wa kuhama, mama yangu. Unaohama ni mpaka, tena kwenye karatasi tu. Nyumba itabaki hapa hapa.

Akanitazama. "Na mikorosho yangu, nayo imekatwa kwenye karatasi?"

Wallahi niliona aibu, na hata leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Wanasema mdomo uliponza kichwa. Mimi kalamu yangu ilimponza mwenzangu.

Nikabandua tangazo, nikaandika upya: KIJIJI KUSIMAMIWA NA MASASI BADALA YA NEWALA. WATU HAWAHAMI. Mkutano wa pili akidi ilitimia, na walio wengi wakakubali. Mama Somoe alikuja, akakaa mwanzo mpaka mwisho, hakunyoosha mkono upande wowote. Ombi likapelekwa juu, likakaa huko huko. Mpaka haujasogea hata hatua moja.

Nilipoagwa kustaafu, Mkurugenzi alisifu mihtasari yangu kwamba haikuwa na kosa. Ni kweli haikuwa nalo. Tangazo si muhtasari, basi nikanyamaza.

Mama Somoe nilimpandia miche mingine, nikawa naenda kuipalilia mwenyewe. Hakunikataza, wala hakunishukuru. Siku moja aliniuliza, "Baba Hadija, hii unampandia nani?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Kwa umri huu?" Akacheka mpaka akakohoa.

Ilizaa mara ya kwanza mwaka tuliomzika. Wanawe waliziokota korosho zile, wakazikaanga kwa ajili ya arobaini yake, na mimi nikawekewa sahani mbele yangu. Sikuweza kula hata moja.