Bizari Iliyotembea Siku ya Posa ya Wifi

Mimi ndiye ninayewakemea majirani kwa uchafu wa mabanda yao ya kuku, sikatai, na wanaoniita mkali hawajanisingizia, lakini leo naitoa aibu yangu mwenyewe hadharani: kuna siku niliwaandalia wazee watatu wa heshima sinia la pilau lenye utitiri wa kuku, tena siku ya posa, tena kwa mkono wangu huu. Cheka kwanza, umalize, halafu usikilize.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yupo na mkonge ndio unaolisha watu huku Tanga, na mimi nilikuwa na miaka mitatu ndani ya ndoa, naishi kwa mama mkwe wangu kijijini, upande wa barabara iendayo Horohoro. Nyumba ilikuwa na watu wanne: mama mkwe, mume wangu Salimu, mimi, na wifi yangu Mwanajuma, ambaye tangu siku ya kwanza nilipoingia mle ndani hakunionyesha uwifi hata siku moja (nilikuwa siwezi kukuna nazi bila kujikata, yeye alinikunia kwa siri mwezi mzima). Kwa hiyo mtu akisema Mwanajuma alikuwa wifi yangu namwambia hapana, alikuwa pacha wangu tuliyezaliwa matumbo mbalimbali.

Sasa kuku. Kwa kuku sikuwa na mpinzani, na hili nalisema bila haya. Wapo wanaosema huku pwani hakuna baridi, waambie wafuge kuku mwezi wa saba, kipupwe kimeshika, upepo wa kusi unaingia mpaka kwenye mifupa, manyunyu asubuhi manyunyu jioni, mchanga haukauki, kuku wanajikunyata kwenye kona moja kama wafiwa, na hapo ndipo utitiri unapopata sherehe, maana kuku aliyelowa haogi vumbi na asiyeoga vumbi huliwa hai. Kila kipupwe wenzangu walikuwa wanazika. Mimi sikuzika. Banda langu lilikuwa juu ya miti, halikugusa ardhi, na pembeni chini ya upenu niliwawekea pipa la kukatwa nusu lenye mchanga mkavu na majivu ya jikoni, waoge humo hata mvua ikinyesha. Chini ya kila kiota niliweka majani ya mwarobaini na kipande cha jani la tumbaku (tumbaku ya mama mkwe, ambayo alikuwa anaitafuta nyumba nzima, Mungu anisamehe), miguu yenye magamba naipaka mafuta ya nazi, na Ijumaa kwa Ijumaa nafukiza banda kwa makumbi ya nazi. Chakula chao machicha ya nazi na pumba, ya moto moto, na pilipili kidogo ndani. Dawa ya dukani sikuijua na sikuitaka.

Na sheria yangu ilikuwa moja: chochote alicholalia kuku mwenye mayai au vifaranga, hakirudi nyumbani. Nyasi, kapu, tambara, vyote motoni siku hiyohiyo. Niliwaambia wanawake wenzangu mpaka wakanichoka, "Usikionee huruma, choma!"

Haya. Mwaka huohuo nilisuka kawa ya kufunikia sinia. Si kawa ya mchezo. Ukindu niliuchagua mwenyewe, nikautia rangi nyekundu na zambarau, nikaisuka matabaka mawili ili chakula kisipoe, ikanichukua miezi miwili, na kuizunguka chini nikasuka maneno kama walivyokuwa wanasuka mafundi wa mikeka. Mimi shule yangu iliishia chuoni kwa mwalimu wa Kurani, herufi hizi za kizungu nilikuwa sizijui, kwa hiyo nilimwambia Salimu anichoree kwa mkaa sakafuni, nikazisuka kama mtu anayesuka maua. KAZI YANGU MWENYEWE. Nilipofika mwisho nafasi ikanipiga chenga, ile E ya mwisho ikabanwa ikawa kama kiroboto, lakini nani aliyejali? Kawa ikitoka kwenda kwa watu, watu wajue imetoka kwa nani.

Basi, asubuhi moja ya mvua kuku wangu mweupe alikuwa ametoka kuangua vifaranga kumi na kimoja, na tenga lao nilikuta limelowa chepechepe, vifaranga vinalia kwa baridi, vingine vimeshalala ubavu. Nikatazama huku na huku sikuona kitu kikavu. Nikaiona kawa ukutani. Nikasema moyoni, leo tu, mpaka mvua ikatike. Nikaigeuza juu chini, nikawaweka mama na watoto wake humo ndani, wakatulia. Mvua ile ilikatika baada ya siku tisa.

Vifaranga vilipona vyote. Na sheria yangu ilisema kawa ichomwe. Nikaishika mpaka jikoni, moto unawaka, nikaitazama ile zambarau, nikazitazama zile herufi, nikarudi nayo. Nikaikung'uta, nikaisugua kwa majivu, nikaianika juani siku tatu. Jua la kipupwe! Jua ambalo halikaushi hata kitambaa cha mkono, mimi nikadhani litaua utitiri uliojichimbia katikati ya matabaka mawili ya ukindu. Mwingine angefanya hivyo ningemtukana.

Wiki ya pili yake ikaja posa. Kijana alikuwa wa Maramba, fundi seremala, na Mwanajuma alimtaka (hakusema, lakini alikuwa ameacha kula ugali akawa anakula maembe mabichi na kuangalia barabara). Habari ikatufikia kwamba wazee watatu watakuja wa upande wa kijana, na pamoja nao shangazi yake, Bi Mwanakombo, mwanamke aliyejulikana mpaka Muheza kwa kuvunja posa. Nyumba ya kwanza aliyomchumbishia mpwa wake aliivunja kwa sababu ya mtungi wenye ukoga. Mwanajuma aliponiambia hayo alikuwa anausugua mtungi wetu mara ya tatu.

"Wifi, akikuta kosa hata dogo nimekwisha."

"Hatakuta," nikamwambia. "Kwa mkono wangu mimi? Hatakuta."

Tulifagia mpaka barabarani. Nilichinja majogoo wawili, nikapika pilau ambalo nikilikumbuka hata leo tumbo linaitika, na mama mkwe akaniletea kawa yake ya zamani, imechakaa, imefifia, lakini safi. Nikamwambia, "Hiyo siku kama ya leo, mama? Watu watatuonaje?" Nikaichukua yangu.

Wazee wakakaa barazani na Salimu, sisi wanawake tukawa chumba cha mbele nyuma ya pazia, Bi Mwanakombo ameketi katikati yetu, macho yake yanatembea darini. Nikalipeleka sinia, linafuka, limefunikwa kawa, nikaliweka nikarudi. Kama wangekula palepale huenda ningepona. Lakini mzee wao mkubwa, mjomba wa kijana, alikuwa mtu wa maneno: akaanza na salamu, akaingia kwenye nasaba, akaeleza ukoo wao ulitoka wapi na ulipita wapi, akaomba dua ndefu, na muda wote huo lile joto la pilau linapanda ndani ya kawa, na wale wadogo waliokuwa wamezizima humo ndani siku zote wanahisi joto, wanadhani kuku amerudi.

Nilikuwa nachungulia kwenye tundu la pazia. Kwanza nikamwona mzee wa pili anajikuna kiganja. Halafu wa tatu anajikuna nyuma ya sikio. Salimu akajikuna goti. Mjomba akafika mwisho wa dua, wakaitikia amina, akaifunua kawa, akasema, "Mashallah, mashallah," akainamia sinia. Akainama zaidi.

"Salimu, mwanangu," akasema, "hii bizari yenu mbona yatembea?"

Mzee wa pili akauangalia mkono wake, akapepesa macho, akauangalia tena. Mjomba bado ameshika kawa, akaigeuza, na maadamu alikuwa mtu wa kusoma, akasoma kwa sauti, polepole, huku anaizungusha.

"Ka-zi ya-ngu mwe-nye-we." Akatua. "Kazi ya nani hii?"

Ndani, mama mkwe akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. "Sema imeazimwa," akaninong'oneza. "Sema ya jirani!" Mwanajuma alikuwa amejifunika kanga uso mzima. Na Bi Mwanakombo, wallahi, alishaanza kuvaa viatu.

Nitasema kweli, nilitaka kukubali. Jirani mwenyewe hakuwepo, angejua lini? Lakini nilimtazama Mwanajuma pale chini, nikajua kwamba nikisema uongo na shangazi akaugundua (naye angeugundua, macho yale!), nyumba itakuwa chafu na ya uongo juu yake, na wifi yangu atazeekea hapohapo. Nikajitanda kanga, nikatoka barazani mbele ya wanaume, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Kazi ni yangu. Huo ni utitiri wa kuku, si chawa wa watu. Kawa hii nilihifadhia vifaranga, ilinipasa niichome, nikaionea uchungu. Nyumba hii ni safi, mama huyu ni msafi, binti mnayemposa ni msafi. Mjinga ni mimi peke yangu."

Wao walikuwa wanajikuna. Nikaichukua kawa mkononi mwa mjomba, nikaenda nayo jikoni, uani, milango nikaiacha wazi wote waone, nikaitia motoni. Miezi miwili ya kazi. Ukindu mkavu hauchelewi, zambarau ilikwenda kwanza, herufi zikafuata, na ile E yangu iliyobanwa ndiyo iliyobaki mwisho.

Ukidhani mkasa uliishia hapo umekosea. Utitiri ukishaingia kwenye kanzu hautoki kwa kukung'uta. Nikachemsha maji na mwarobaini, nikawaambia wazee wale, kwa adabu lakini kwa ukali (ukali nilizaliwa nao), wavue kanzu zao nizifukize, la sivyo watarudi nao Maramba wakawagawie wake zao. Wakavua! Salimu alikuwa na vikoi viwili tu vya akiba. Mjomba, yule wa nasaba, ikambidi ajifunge kanga ya mama mkwe, nyekundu, yenye maua na mikorosho, akakaa nayo barazani ndevu zake zimechanwa, watu wanapita njiani wanatoa salamu, "Hujambo mzee," na yeye anawajibu bila kugeuza shingo.

Pilau lililobaki sufuriani lilikuwa na kifuniko chake cha bati, halikuguswa na kitu. Nikapakua upya. Nikafunika kwa kawa ya mama mkwe, ile iliyochakaa.

Wakati wanakula, Bi Mwanakombo akanijia uani. "Nionyeshe banda."

Nikamwonyesha. Akaingia mzima mzima na buibui lake, akapitisha kidole kwenye vijiti wanavyolalia kuku, akakitazama kidole, akakinusa. Akamkamata kuku mmoja akamfunua chini ya bawa, akapuliza manyoya. Akamkamata wa pili. Akachungulia viota, akalitoa jani la tumbaku akalirudisha.

"Kipupwe hiki wamekufa wangapi?"

"Hata mmoja."

"Usinidanganye, mwanangu. Mimi kwangu walikuwa kumi na wanne, nimebaki na jogoo kipofu."

"Hata mmoja, shangazi. Na vifaranga ni kumi na kimoja kwa kumi na kimoja."

Akakaa juu ya kinu. "Kawa ile ilikuwa nzuri sana," akasema. "Ingekuwa yangu ningesema ya jirani."

"Imeandikwa, shangazi."

Alicheka! Mwanamke yule ambaye watu walisema hana meno kwa kuwa hakuna aliyeyaona, alicheka mpaka akashika ubavu, na kule barazani wazee wakaacha kutafuna wakasikiliza. Akarudi ndani akamwambia Mwanajuma aondoe kanga usoni amwone. Posa ikapokelewa siku hiyo, mjomba akiwa na kanga yake ya mikorosho.

Mwanajuma alipokwenda kwa mumewe nilimpa matetea wanne na tumbaku ya mama mkwe. Kawa nyingine nimesuka nyingi tangu siku hizo, na watu wanazijua bila maandishi, kwa hiyo maneno siweki tena. Na chochote kilichoguswa na kuku anayelalia hakijapita tena kizingiti changu, wala hakitapita nikiwa hai.

Ila kule Maramba jina lilibaki. Nyumba ile yote, watoto kwa wajukuu, utitiri wanauita kaziyangu. Juzi kipupwe hiki amenijia mjukuu wa Mwanajuma, msichana mkubwa, amesoma kuliko sisi wote, akaniamkia, akaketi, akasema, "Bibi, kuku wetu wameingiwa na kaziyangu, tufanyeje?" Kumbe hajui hata neno limetoka wapi. Sikumwambia. Nikamweleza majivu, mwarobaini, mchanga mkavu, na kapu la kulalia lichomwe.

Akasita. "Lakini bibi, yamo makapu mawili, na moja ni zuri sana, alilisuka mama."

"Chomeni yote mawili," nikamwambia. "Mwanze na hilo zuri."