Nilikandika Nyumba ya Mke Wangu

Nilitoka nyumbani kwenda kununua misumari ya bati, nikarudi baada ya miezi saba. Misumari nilikuja nayo.

Sikuwa na mwanamke mwingine, wala sikuwa nimefungwa. Nilifika Mugumu, nikapita mbele ya nyumba ya wageni iliyokuwa inajengwa, nikamwona fundi amelala chali juu ya jukwaa la miti, anabandika maua meupe ya jipsamu kwenye dari. Nikasimama kumtazama. Mimi nikianza kutazama kitu sijui kuacha. Ugonjwa huo huo ndio ulionitoa darasa la tano, mwaka ilipokuja mashine ya kuchimba kisima kijijini. Nilikwenda kuiangalia asubuhi moja, ilipohama nikahama nayo, na darasani sikurudi tena. Kwa hiyo nilimtazama yule fundi mpaka akaniambia nishike ndoo, nami nikashika. Nyumba ile ilipokwisha kulikuwa na nyingine, kisha nyingine huko Sirari.

Niliporudi kijijini kwetu Nyanungu mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. Ndani, jiko lilikuwa baridi na majivu yake yamezolewa. Juu ya meza ilikuwa simu ndogo niliyomnunulia mke wangu, ameizima, ameiweka katikati kabisa ya meza ili nisiikose.

Jirani yetu, mama mmoja ambaye boma lake linapakana na letu, alisimama kwenye uzio wa minyaa akanisubiri nitoke.

"Amekwenda kwao Busawe na mtoto," alisema. "Tangu mahindi yakiwa mabichi."

"Aliacha neno?"

"Baba yake ndiye ameleta neno. Shangazi yake atakuja Jumamosi ijayo kuangalia kama hapa pana nyumba ya kukaa mtu. Akisema hapana, wazee wataitwa, na wewe utarudi kuwa kapera. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi usiende kununua misumari tena."

Nilikuwa na siku tisa. Nilizunguka nyumba nikaiona kama shangazi atakavyoiona. Ni nyumba ya miti na udongo, bati juu. Mvua ilikuwa imemega ukuta chini, mbuzi wa watu wamejikuna kwenye pembe, na michoro ya mke wangu imebaki vipande vipande. Kila mwaka baada ya mavuno alikuwa anaikandika upya, na kabla tope halijakauka anapitisha vidole vinne, mawimbi kutoka kona mpaka kona, bila kuinua mkono. Sasa wimbi lilianza mlangoni likakatika, likaonekana tena chini ya dirisha, likakatika.  Fedha sikuwa nayo, iliishia kwenye nauli na ile misumari. Lakini nilikuwa nimetazama nyumba za watu kwa miezi saba, na kabla ya hapo miaka, na hakuna nilichosahau.

Nilianza kwa kubandua. Nilichukua jembe nikakwangua kuta zote nne, ndani na nje, mpaka fito zikaonekana, kwa sababu fundi wa Mugumu alinifundisha kwamba kitu kipya hakishiki juu ya kitu kibovu. Kisha nikabomoa kichuguu kilichokuwa nyuma ya shamba, nikachekecha udongo wake mwekundu kwa kipande cha chandarua. Samadi mbichi niliomba kwa jirani. Nikachanganya na majivu, nikakanyaga kwa miguu siku nzima, nikaliacha tope lilale chini ya majani ya migomba. Nilikandika kwa kiganja tabaka la kwanza, la pili nikalisawazisha kwa ubao, la tatu nikalisugua kwa kipande cha chupa ya plastiki kilicholowa maji mpaka ukuta ukawa laini kama ngozi ya ngoma.

Udongo mweupe niliuchimba kwenye ukingo wa kijito. Weusi niliupata kwenye betri za redio zilizokufa: unazivunja, unatoa ule mkaa wa katikati, unausaga, unaukoroga na uji wa muhogo usije ukashika nguo za watu. Nilikata ua kwenye boksi la sabuni, nikaliweka ukutani na kupaka juu ya tundu lake, nikarudia mpaka maua yakazunguka chumba kizima, meupe na meusi, kwenye mstari niliounyoosha kwa kamba na misumari miwili. Mifuko ya sandarusi ya mbolea niliifumua, nikaifua, nikaishona pamoja kwa uzi wa mfuko wenyewe, nikaivuta chini ya paa ikawa dari. Makreti mawili yakawa rafu. Kitenge kilichochanika nilikikunja mara mbili kikawa pazia.

Nilikuwa silali vizuri wala sili vizuri. Mikono ilipasuka. Nilijisemea mwenyewe kama kichaa: shangazi akiingia ataona dari kwanza, hapana, ataona maua kwanza, kisha ataketi, kisha atasema mke wangu arudi.

Wanawake waliokuwa wakienda kuchota maji walipunguza mwendo wakifika kwangu. Walitazama ukuta, wakatazamana, wakaenda haraka.  Nilidhani wanauonea wivu. Mwanamume mmoja aliyekuwa anaswaga ng'ombe alinyanyua fimbo akanisalimia kwa furaha isiyo ya kawaida: "Hongera, mura, kijana wetu! Umeamua!" Nikamjibu asante.

Shangazi alishuka kwenye bodaboda Jumamosi kabla ya saa nne. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nilikuwa nimefagia uwanja, nimechemsha chai. Nilimkimbilia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakunitazama. Alikuwa anatazama ukuta, na alisimama hatua kumi kutoka mlangoni kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. "Nani kaikandika hii?"

"Ni mimi."

"Nimekuuliza vizuri. Nani?"

"Mimi mwenyewe, shangazi. Karibu ndani, kuna na dari."

"Mura, usinichezee. Mimi nakandika tangu sijaota matiti. Mwanamume hawezi kulaza tope hivi. Huu ni mkono wa mwanamke anayetaka kuingia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mwanamume anasimamisha miti na kupigilia bati. Ukuta ni wa mke. Anaukandika yeye, na wakati anaotaka yeye. Mke akiwa kwao, halafu nyumba ikakwanguliwa na kukandikwa upya, watu hawahitaji kuuliza. Bibi harusi anakuja. Kijiji kizima kilikuwa kimesoma tangazo langu kwa wiki nzima, na mimi ndiye niliyelibandika. Mtu aliyekulia hapo hapo! Nilikuwa nimetazama nyumba za Mugumu na Sirari mpaka nikasahau kutazama za kwetu.

"Huko Busawe tumesikia tangu Jumatano," shangazi alisema. "Binti yetu amesikia akiwa kisimani. Unajua ni nani alimwambia? Mtoto wa darasa la pili."

"Shangazi, naapa, hakuna mwanamke."

"Basi kanda."

"Nini?"

"Kanda tope hapa, nikuone."

Nilivua shati. Nilileta udongo na samadi na majivu, nikaanza kukanyaga, na ndani ya muda mfupi uzio ulijaa watu. Jirani yetu alikuwa wa kwanza kucheka.

"Jamani, tumepata mama mpya!"

"Mama, tope limeiva? Watoto wana njaa!"

"Mura," aliita yule mwenye ng'ombe, na sasa hakuwa na furaha yoyote usoni, "utajifungua lini?"

 Nilikwangua kipande cha ukuta karibu na mlango, upana wa mlango wenyewe, nikakikandika upya mbele ya shangazi. Tabaka la kwanza, la pili, kipande cha chupa. Jasho liliingia machoni nikaliacha. Kelele za uzioni zilipungua zenyewe. Shangazi alisogea, akapitisha kidole, akakinusa, akachungulia ndani.

"Umejifunzia wapi?"

"Mugumu. Kwa fundi wa jipsamu."

"Miezi saba ulikuwa unajifunza kupaka ukuta?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na mtoto wako ameota meno manne." Alifuta kidole kwenye kanga yake. "Nimeamini hapakuwa na mwanamke, nitalisema hilo. Na hili pia nitalisema: ulipata nyumba yenye alama za mikono ya binti yetu, ukazifuta zote ukachora maua ya hoteli."

"Nilitaka ikuridhishe."

"Bandua. Yote. Yeye akitaka kukandika atakandika, asipotaka hatakandika. Wewe usiguse ukuta tena."

Chai hakunywa. Aliondoka na bodaboda ile ile, nami nikashika jembe watu wakiwa bado wamesimama. Udongo uliokauka hutoka kwa mabamba. Maua yalianguka mengine mazima, yakavunjika chini. Jumapili jioni nilikuwa nimebaki na fito na mwanga unaopita katikati yake, na juu dari ya mifuko ya mbolea inayopepea.

Jumamosi iliyofuata mke wangu alikuja. Alikuja kwa miguu kutoka pale gari lilipomwacha, mtoto mgongoni, hana mzigo. Mtoto aliniona akaficha uso. Nilimsalimia mke wangu akaitika, akazunguka nyumba mara moja.

"Umeiua," alisema.

"Nilifikiri..."

"Lete samadi."

Nilileta. Nilileta maji. Aliniambia nikae na mtoto kwenye kivuli, nikakaa, mtoto akilia mpaka akachoka, kisha akashika kidole changu kimoja kwa sababu hapakuwa na kingine cha kushika. Mke wangu alikandika ukuta mmoja, ule wa mbele, ndani na nje. Alipitisha vidole vinne kutoka kona mpaka kona. Alipomaliza akanawa, akamfunga mtoto mgongoni.

"Na hizo nyingine?" niliuliza.

"Jumamosi ijayo nikikukuta, nitakandika wa pili."

"Na usiponikuta?"

"Mvua itajua la kufanya."

Ilikuwa wiki ndefu kuliko miezi ile saba. Jumanne lilipita lori limebeba nguzo za umeme na mashine ya kuchimbia mashimo, yenye mkono unaojizungusha wenyewe. Nililisikia likisimama juu barabarani. Niliingia ndani nikaketi sakafuni, nikashika mguu wa meza kwa mikono yote miwili, mtu mzima mimi, mpaka mngurumo ukaisha upande wa mtoni. Jumamosi mke wangu alinikuta. Alikandika ukuta wa pili. Alikula ugali wangu, akasema umeungua, akala wote. Nilitaka kumwomba abaki. Nilimwona anavyofunga kanga ya mtoto, nikaenda kuosha sahani.

Jumamosi ya tatu niliamka alfajiri nikakanda tope mwenyewe, kwa sababu kukanda hakunikataza. Wingu lilikuwa limelala juu ya vilima tangu jana yake. Saa nne hakuja. Saa saba hakuja. Bodaboda moja ilipita, dereva akasema upande wa Serengeti, njia ya Busawe, mvua imenyesha sana na mto umejaa, hajui kama magari yanavuka. Mwingine, nusu saa baadaye, alisema ametoka huko huko, amevuka bila shida, na hajaona mwanamke mwenye mtoto mahali popote.

Ningeweza kwenda kumlaki. Hadi mtoni ni mwendo wa miguu tu, na miguu yangu inajua kwenda. Lakini kutoka barabarani hadi kwangu kuna njia mbili, ya juu na ya shambani, na sikujua atashika ipi. Nikienda kwa ya juu, naye akaja kwa ya shambani, atakuta uwanja mtupu. Hataniuliza nilikuwa wapi. Simu yake ilikuwa juu ya meza, pale pale alipoiacha.

Tone la kwanza lilianguka kwenye bati. Niliishusha ile mifuko ya darini nikaitandaza juu ya kuta mbili zilizokuwa wazi, nikaigongomea kwenye fito. Tope lilikuwa linaanza kukauka kando. Nililimwagia maji kidogo, nikaliingia tena kwa miguu, nikakanyaga, nikiangalia njia ya juu, kisha ya shambani, kisha ya juu.