Kidole Kisichosikia Dawa

Saa tatu asubuhi, nyuma ya soko, maji yanachemka kwenye pipa na Mama Manyoya anachovya kuku kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameufunga mfuko wa plastiki hadi kwenye kiwiko. Soko zima linamwita jina hilo, maana halijawahi kumwona bila unyoya kichwani.

"Leo wateja watazeekea hapa," wifi yake, anayefanya naye kazi, anamtania.

Zamani Mama Manyoya alinyonyoa kuku arobaini kwa siku. Sasa anachovya tu, wifi ananyonyoa.

Yote yalianza na mfupa uliomchoma kidole cha kati alipokuwa akitoa matumbo. Kwa wachinja kuku hilo ni jambo la kawaida, na tiba yao ni moja: unafungua kapsuli ya rangi mbili, ile ya kuua vijidudu, unamwaga unga wake kwenye kidonda, unafunga kitambaa, unaendelea na kazi.

"Kilikauka juu, nikajua kimepona," anasema.

Kilipovimba alimeza kapsuli siku mbili, maumivu yakapungua, akaacha. Zilizobaki akaziweka akiba. Amefanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Dukani wanamuuzia hata mbili mbili, kama pipi, na hakuna aliyewahi kumuuliza za nini.

Safari hii kidole kilioza. Hospitali walimchoma sindano za aina tatu, usaha haukukatika. Daktari hakumficha.

"Mama, hivyo vijidudu ulikuwa unavionjesha dawa tu. Vilivyo dhaifu vikafa, vile vigumu vikabaki, vikazaana. Sasa dawa vinaicheka."

Akamuuliza kama hakuna iliyo kali zaidi. Daktari akavuta faili, akaandika: upasuaji.

"Hapo ndipo nilipojua kidole hakibaki," anasema, na machozi yanamlengalenga. Anaogopa, wala hafichi.

Wifi yake bado ana kapsuli mbili mfukoni. Akiulizwa, anakunja uso.

"Nikijikata nifanyeje? Niache kuku hapa niende kupanga foleni?"

Mama Manyoya anachovya kuku mwingine. Wiki hii kidole cha pete nacho kimeanza kuwa cheusi, na kesho anaingia chumba cha upasuaji. Daktari hajamwambia atakata vidole vingapi, lakini yeye ameshamwomba.

"Akate anavyoona," anasema. "Ila aniachie gumba na cha shahada. Hivyo viwili vinatosha kunyonyoa."