Gia ya Mguu wa Kulia

Baba akianguka, ni chuma changu kitakachokuwa kimemwangusha. Wazo hilo lilininyima usingizi kwa majuma mengi mwaka jana. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uhandisi wa mitambo, sina kazi ya kudumu, na kitu cha kwanza nilichotaka kuunda kwa mikono yangu kilikuwa gia ya kumrudisha barabarani mzee mwenye kifundo kibovu.

Pikipiki yenyewe ilikuwepo nyumbani kabla sijazaliwa. Ni ya Kiingereza, ya zamani sana, tangi limevimba kama tumbo la mbuzi aliyeshiba, na gia yake iko mguu wa kulia. Vijana wa boda boda wa kwetu Chepsaita wamezoea gia ya kushoto. Walipoomba kuijaribu walikanyaga breki wakidhani wanaweka gia, na Baba alicheka hadi kofia ikamtoka.

Nilipokuwa mdogo aliniketisha mbele, juu ya tangi, tukaenda Moi's Bridge kutafuta mbegu. Barabara sikuitazama sana. Niliinamisha kichwa nikaangalia gambuti lake la kulia, kiatu kirefu cheusi cha mpira. Lilikanyaga chini mara moja, kisha ncha ikaingia chini ya mkono wa gia na kuuinua, klak, ikauinua tena, klak, na upepo usoni mwangu ukabadilika. Hata leo nikinusa petroli na matope yaliyoungua kwenye ekzosi, ninarudi kuwa na miaka sita.

Kisha gunia la mahindi likamwangukia mguu wa kulia wakipakia lori. Mfupa uliunga, lakini kifundo kikakataa kukunjika. Aliweza kutembea, kupanda ngazi ya ghala, hata kucheza arusini. Kuinua ncha ya mguu hakuweza, na bila kuinua ncha huwezi kufika gia ya pili. Basi kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akiitoa kibandani, anasimama kando yake, anaipiga kiki kwa mguu wa kushoto, anaisikiliza hadi ipate joto, halafu anaizima.

Mtu mmoja mwenye hoteli mjini Eldoret akapata habari zake. Alitaka kuinunua aiweke mlangoni, chini ya taa, wageni wapige nayo picha. Baba akamwambia aje tukimaliza kuvuna.

"Kitu hakitembei ni pambo tu," alituambia mezani. "Na pambo likae kwa wenye nafasi."

"Amina," Mama akasema, haraka kidogo.

Boda boda nyingi zina gia ya kanyagio mbili, moja mbele ya kidole na moja nyuma ya kisigino. Ukikanyaga ile ya kisigino, ya mbele inapanda yenyewe, huna haja ya kuinua mguu kwa ncha. Pikipiki ya Baba haikuwa na kitu kama hicho, wala hakuna duka ningepata cha upande wa kulia. Ingebidi kikerezwe. Nilimdokezea Mama tukichambua mboga za managu.

"Ukimwekea hiyo kitu," alisema bila kuinua macho, "wewe ndio utamwokota barabarani."

Sikulitaja tena. Nilianza kwenda Eldoret, kwenye karakana ya fundi mmoja kutoka upande wa Magharibi anayekereza shafti za matrekta. Aliniruhusu kutumia leth yake, ile mashine ya kukereza vyuma, saa ambazo hana kazi. Kwanza nilihitaji bushi, pete ya chuma yenye meno madogo ndani ya tundu, yashikane na meno ya shafti ya gia. Nilichonga jino moja, nikapima, nikachonga jingine, nikarudi kupima lile la kwanza.

"Injinia," fundi aliniita kutoka mlangoni, "hiyo ni gia ama ni mahari? Mbona mazungumzo hayaishi?"

"Naogopa kukosea."

"Ukikosea tunakata ingine. Chuma si mtoto."

Alisema kweli, lakini mimi niliwaza juu ya mtu atakayekalia hicho chuma. Mguu wa Baba niliupima kwa hila. Jumamosi moja nilijitolea kumpigia rangi viatu vya kanisa, nikakiweka cha kulia juu ya kipande cha katoni na kukizungushia penseli. Kutokana na mchoro huo nikapanga umbali wa kidole hadi kisigino, na mahali pa kuegemeza mguu. Kila kitu kilikaa sawasawa.

Niliifunga kwenye pikipiki siku ambayo Mama alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa akina mama. Baba akatoka kibandani, akakalia pikipiki, akaingiza mguu. Haukuingia. Kisigino kilipanda juu ya kanyagio ya nyuma na ncha ikabaki nje, imeng'ang'ania kama ng'ombe kwenye mlango wa josho. Alikuwa amevaa gambuti.

Alinitazama, akatazama gia.

"Msichana wangu, hii umetengenezea pasta?"

Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Katika utoto wangu wote hakuna kitu nilichokitazama kwa makini kama gambuti lile. Nani anaendesha pikipiki kwenye matope yetu akiwa na viatu vya kanisa?

Wiki iliyofuata nililibeba gambuti lenyewe kwenye mfuko hadi karakana.

"Mzee amebaki wapi?" fundi akauliza. "Ama siku hizi mnamleta kidogo kidogo?"

Gia ya pili niliifanya ndefu zaidi, kanyagio pana, na juu yake nikachonga mifereji ya kushika mpira wenye tope. Nikaushusha mkono wa kuegemeza mguu. Kisha, ilipokuwa tayari, nikaiacha ndani ya begi langu pamoja na gambuti. Kila siku nilipata sababu mpya. Pengine meno yatalegea. Pengine kisigino kitakwama kwenye kona. Niliibana kwenye jiliwa, nikaning'iniza mawe, haikupinda, na bado nikairudisha begini.

"Gambuti langu liko shule gani," Baba aliuliza, "hata likizo haliji?"

Tulimaliza kuvuna. Mwenye hoteli akapiga simu kwamba anakuja Jumatatu. Jumapili hiyo tulirudi kutoka kanisani, na Baba akaitoa pikipiki kama kawaida. Nikangoja ile kiki. Badala yake akachota maji akaiosha, akaikausha kwa sweta yake kuukuu, akaikunja sweta vizuri na kuiweka juu ya kiti. Akaingia ndani kulala.

Nikaenda jikoni, nikaiweka ile gia mezani kati ya vikombe vya chai.

"Mama, niliitengeneza. Nataka kuifunga sasa, na sitaki kuifunga ukiwa haupo."

Aliichukua. Nilidhani ataitupa nje. Akapitisha kidole gumba juu ya mifereji.

"Hii mistari ni ya nini?"

"Gambuti isiteleze."

"Haiwezi teleza kabisa?"

Nilikuwa na jibu refu lenye mvua, mwendo, na hali ya barabara. Nikalimeza.

"Inaweza, Mama. Lakini nimefanya yote najua kufanya."

Akanirudishia. "Mwambie avae koti. Huko kuna baridi."

Niliifunga yeye akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Baba aliamshwa na mlio wa spana. Alitoka bila kuuliza lolote, akavaa gambuti la kushoto, kisha la kulia nililomletea. Mguu ukaingia. Akabonyeza kisigino mara mbili, tatu, injini ikiwa imezimwa, akitazama mbele.

Ilipowaka, nilishika keria ya nyuma kana kwamba ningeweza kuizuia. Akaweka ya kwanza. Nilitembea naye hadi langoni, nikaachilia.

Akapotelea nyuma ya mabua ya mahindi. Klak, ya pili. Nikangoja. Klak, ya tatu, na sauti ikanyooka kuelekea barabara kubwa. Sikukimbia nyuma yake. Nilitoa simu mfukoni nikampigia yule mtu wa hoteli, nikamwambia kesho asijisumbue, pikipiki haiko nyumbani.