Mnavu wa Kando ya Reli

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja baada ya mvua ndefu, nyanya yangu alipotoka nyuma ya nyumba zetu za Shauri Moyo, akasimama, akaanza kucheka peke yake. Baba alikuwa amemleta Nairobi atibiwe macho, na tangu afike alikuwa akinung'unika kwamba mji huu hauna cha kutazama hata mtu akipewa macho mapya. Asubuhi ile aliona mnavu. Ulikuwa umejiotea kando ya reli, umesheheni matunda meusi, na hakuna aliyekuwa na habari nao.

Sisi watu wa Magharibi mwa Kenya nyanya tunamwita Kukhu, kwa hiyo nami nitamwita hivyo. Mnavu unaujua. Ni ile mboga unayoila na ugali, ambayo sokoni utaisikia ikiitwa managu. Wengi wanajua majani yake tu. Kukhu alijua na matunda, kwani kwao ndiyo yaliyokuwa peremende za watoto.

Hakutuacha tuyavamie. Kwanza alikwenda kubisha hodi kwenye nyumba iliyokuwa karibu na reli, akauliza kama kuna mtu aliyemwaga dawa au maji machafu pale. Kwao huchumi chochote, hata cha porini, kabla hujaita jirani na kumuuliza habari za mahali hapo. Mimi na kaka yangu Wekesa tulijificha kwa aibu. Tulikuwa watoto wa mjini, mwanangu, na mtoto wa mjini huona kila mwenye kuuliza ni mshamba.

Alipokwisha kuuliza akatuita, akatufundisha.

"Tunda lililo tayari linakuja lenyewe ukiligusa," alisema. "Ukilivuta likakataa, liache."

Kila tulichochuma alikileta karibu na jicho lake lenye nafuu, akakipindua, akatoa mabichi na kuyatupa mbali. Yale meusi tulikula. Utamu wake si wa sukari, una uchachu kidogo kwa mbali, na huacha ulimi zambarau. Likizo ile mchana tulikuwa tukinywa chai kwa mkate uliobaki, basi yale matunda yalikuwa sherehe. Majani mama aliyapika kwa maziwa. Kukhu akawa anatutajia matunda mengine ya kwao, moja moja, kwa majina ambayo sikuyajua, na kutuahidi kwamba tukienda nyumbani Desemba atatuonyesha lipi la kula na lipi la kuogopa.

Sasa, jirani yetu alikuwa Mzee Musyoki, mchonga vinyago kutoka Ukambani, na mtoto wake mdogo aliitwa Mutua. Mutua alikatazwa kuvuka ua. Tulikuwa tukirudi kutoka kuchuma, tunamtolea ndimi zetu za zambarau, yeye amening'inia kwenye ua akitutazama kama paka wa buchani. Siku nyingine tulimrushia matunda ya kujaa kiganja, akayaokota mchangani na kula. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Alijua mnavu ni mtamu. La pili, kwamba mabichi huachwa, hakulijua, maana hakuna aliyemwambia.

Jumapili moja tulipokuwa kanisani, Mutua akavuka ua. Meusi tulikuwa tumeyamaliza sisi walafi. Akala mabichi.

Jioni alianza kushika tumbo na kutapika. Mboni za macho zikawa kubwa, akawa anamwita mama yake kwa jina la shangazi. Watu walijaa mlangoni. Huyu anasema ni homa, yule anasema mtoto ameangaliwa vibaya, na mama yake analia tu. Mzee Musyoki akambeba mgongoni na kukimbia naye hospitalini, bila kujua atamwambia daktari nini.

Kukhu alisikiliza yote hayo. Kisha alichukua fimbo yake, akaenda mpaka kando ya reli na macho yale mabovu, akapapasa. Alirudi na tawi lenye vikonyo vitupu, na matunda mabichi machache yaliyosalia. Alilifunga kwenye leso yake, akamwambia Wekesa amshike mkono ampeleke hospitalini. Mimi nilifuata nyuma nikiomba Mungu njia nzima. Nilikuwa na hakika Mutua atakufa.

Daktari alilitazama lile tawi, akaacha kubahatisha. Mutua alilala kule akitibiwa, na baadaye akaamka na kuomba chai. Ashukuriwe Mungu, yupo mpaka leo, ana wajukuu, na ukimwandalia managu kwenye harusi anahama meza.

Lakini tawi lililomsaidia mtoto ndilo lililomhukumu Kukhu. Watu walikuwa wamemwona amelibeba. Kabla hatujafika nyumbani, habari ilikuwa imekwisha kuzunguka kwamba mama yake karani wa reli amemlisha mtoto wa watu magugu. Mama Mutua alisimama mlangoni kwetu akasema maneno ambayo sitayarudia. Simlaumu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Baba ndiye karani mwenyewe. Alikuwa mtu wa kupiga shati pasi hata kwa kwenda dukani kununua maziwa, na aibu ile ilimwingia mwilini. Hakuuliza ilikuwaje. Alimwambia mama yake mbele yetu:

"Mama, hapa ni Nairobi. Hapa watu wananunua matunda sokoni."

Akachukua jembe, akaenda kung'oa mnavu wote mpaka mzizi wa mwisho, majirani wakimwona. Nadhani alitaka wamwone.

Kukhu hakujitetea. Hakusema kwamba yeye hakuwahi kumpa Mutua hata punje moja, wala kwamba bila yeye daktari angekuwa bado anakisia. Alituita mimi na Wekesa uani, tukaenda. Nilitamani atuchape. Fimbo huuma ikapoa.

"Mlimwonyesha kula," alisema. "Kuacha hamkumwonyesha."

Basi. Akaingia ndani kufunga mzigo wake. Wiki ile ile alipanda basi kurudi kwao, matibabu ya macho hayajakwisha, na hakuja tena Nairobi. Desemba hiyo hatukwenda nyumbani, maana baba na mama yake walikuwa hawajasemezana vizuri. Mwaka uliofuata macho yalizima kabisa, na hata tulipokwenda hakuweza tena kutuonyesha chochote. Nilikaa karibu naye, akanishika uso kwa vidole, akaniuliza kama mnavu umeota tena kule kwa reli. Nikasema haujaota. Akafariki kabla sijamuuliza mengine.

Baba alipozeeka, akastaafu na kuhamia hapa Komarock, alipanda mnavu kwenye debe bovu nje ya jikoni. Hakuna aliyethubutu kuugusa. Siku moja nilimkuta anamwagilia huku analia. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na babu yule alikuwa anawalea wake kwenye debe.

Kwa nini nakuambia haya leo? Juzi mjukuu wangu Nafula aliingia jikoni na matunda mkononi, ameyachuma kwenye ua huko nje.

"Nyanya, hizi si ziko tu sawa?" akaniuliza. "Maboyz wa court ya pili wanadishi kila siku." Kwao kudishi ni kula.

Yalikuwa ya aina mbili. Moja lilikuwa mnavu, nikalijua hata kabla sijavaa miwani. Lile jingine nililigeuza, nikalinusa, nikalibonyeza, nikalipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Nafula akatoa simu yake, ikamwambia ni tunda hili, akapiga picha nyingine, ikamwambia ni tunda lile. Kukhu angelijua. Huenda alinitajia jina lake asubuhi ile, nami nilikuwa nahesabu treni zinazopita badala ya kumsikiliza. Nilimwambia mtoto kweli, kwamba silijui, tukalitupa. Kisha nikageukia sinki ili asinione.

Basi sikia, mwanangu. Matunda ya porini ni neema, usije ukayadharau kwa sababu hayana bei. Yameshibisha watoto wengi kabla yako. Lakini usilolijua kwa hakika usilitie kinywani, hata kama ndege wanalila, hata kama maboyz wa court ya pili wanalila. Bichi liache liive. Tamaa mbele, mauti nyuma. Na ujue kwamba tunda ni lile la nyumbani, ila udongo wa hapa si ule. Mtaa huu unamwagiwa mengi, dawa za magugu na maji ya choo, kwa hiyo uliza kwanza, na usione aibu. Kuuliza si ujinga. Mtu akidhurika, usikae kungoja wenye kubahatisha. Mkimbize hospitali na ubebe alichokula. Ukimwonyesha mtoto kitu kitamu, mwonyeshe hapo hapo mpaka wake. Na akitokea mzee amebeba tawi mkononi, muulize analipeleka wapi kabla hujamhukumu.

Nenda sasa kwenu ukakae na nyanya yako angali anaona. Mwambie akutajie majina, na usihesabu treni.

Mungu akupe chakula chema na udongo safi wa kukiotesha. Akupe wa kukuonyesha kula, na asikunyime wa kukuonyesha kuacha.