Mguu wa Kulia wa Fundi Saa

Watu bado walimwita Fundi Saa, ingawa kibanda alikifunga tangu macho yalipoanza kumsaliti na watu walipoanza kutazama saa kwenye simu. Kazi ile ilikuwa ya kukaa. Asubuhi anakaa, lenzi jichoni, anainuka jioni. Alipofunga kibanda, kukaa kwenyewe kukahamia naye nyumbani. Mkewe alipokuwa hai, walau alimtuma: mara kitunguu, mara chumvi, mara "hebu kamwambie jirani apunguze redio." Mkewe alipofariki, hakukuwa na wa kumtuma tena. Mwanawe wa pekee aliishi mbali. Alipiga simu kila Jumapili, baba hujambo, umekula, haya baba, basi.

Miguu ikaanza kulalamika. Akienda sokoni, kabla hajafika kona vigimbi vinakaza, mapaja yanakuwa mazito kama magunia yaliyoloa. Kwa aibu ya kusimama barabarani bure, alikuwa akisimama mbele ya duka la viatu akijifanya anatazama.

"Mzee, leo tunachukua au bado tunachagua?" mwenye duka alimuuliza siku moja.

"Bado nachagua, mwanangu," akajibu, akihema.

Hatimaye akaenda hospitali. Daktari alimpima, akamwambia mishipa yake haijaziba, ashukuru, ila imezoea kukaa kama mwenyewe. Akamweleza kuwa ghorofa ya juu kuna wataalamu wanaotafuta wazee wa kufanya mazoezi ya mguu ili wapime damu inavyofika kwenye misuli. "Kama utakubali, watakuwa wanakupigia simu kukukumbusha siku yako."

Fundi Saa hakuuliza la pili. Ile simu ndiyo iliyomshawishi.

Huko juu alipokewa na mama mmoja wa makamo, mpole, ambaye ndiye aliyekuwa akipima. Alimketisha kwenye kiti kirefu, akamfunga mkanda kifundoni, mkanda umeunganishwa na chuma chenye uzito. Akampaka paja mafuta ya baridi, akaweka kidude juu yake.

"Mashine hii si ya wajawazito?" Fundi Saa akauliza.

Mpimaji akacheka. "Ndiyo hiyo hiyo, Babu. Usiogope, hatutakuta mtoto. Sikiliza."

Ikasikika sauti, fush, fush, kama mtu anayefagia uwanja mbali. Ilikuwa damu yake mwenyewe. Akaambiwa aanze kurusha mguu taratibu, kama anayepiga mpira. Sauti ikapanda, lakini kwa uvivu.

"Umesikia?" mpimaji akamwambia. "Msuli ukifanya kazi unaita damu. Kwa kijana, mishipa inafunguka mara moja. Kwa mtu mzima inaitika polepole, na haipanuki vya kutosha. Ndiyo maana mguu unachoka mapema."

"Kwa hiyo ni uzee."

"Uzee una sehemu yake, sikudanganyi. Lakini kiti nacho kina yake. Tumepima wazee wa rika lako ambao hawakuacha kutembea, mishipa yao inaitika vizuri kuliko hii. Na iliyolala inaweza kuamshwa, walau kiasi."

Zoezi lilikuwa la mguu wa kulia peke yake. Wa kushoto uliachwa vivyo hivyo.

"Huu wa kushoto una kosa gani?" akauliza.

"Hauna kosa, Babu. Huo ndio shahidi wetu. Tutaulinganisha na mwenzake mwisho."

Basi akawa anakwenda. Siku ya zoezi alipiga pasi shati, akachana nywele chache alizobaki nazo, akafika kabla mlango haujafunguliwa. Alirusha mguu mpaka jasho likamtoka, mpimaji na wenzake wakimhimiza, "Bado kidogo, Babu, bado kidogo!" Walimfunga na kumfungua mkanda, wakamfuta paja kwa kitambaa. Tangu mkewe aondoke, hakuna mkono wa mtu uliokuwa umemgusa ila wa kinyozi. Hilo hakumwambia mtu.

Siku ya mwisho mpimaji akaweka kidude paja la kulia, kisha la kushoto. Hata yeye Fundi Saa alisikia tofauti: kulia damu ilikuja kwa kishindo, kushoto ikawa inajikokota.

"Hongera sana, Babu! Mguu umekuwa kijana."

"Alhamisi nije saa ngapi?"

Mpimaji akaweka kidude chini. "Tumemaliza, Babu. Sasa zamu ya wengine." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Usirudi kwenye kiti tu. Na huu wa kushoto uuamshe mwenyewe."

Jumapili mwanawe alipopiga akamuuliza habari za mguu. "Mmoja mzima," alijibu. Mwana akacheka, akasema kuna mtu anamwita, akakata.

Alikaa kama wiki mbili hivi, simu iko mezani, haiiti ila Jumapili. Alipopanda ngazi, mguu wa kulia ulivuta na wa kushoto ukafuata kwa kununa. Asubuhi moja, bila kutumwa na mtu, akavaa viatu akashika njia ya mlimani.

Juu ya mlima aliishi fundi viatu, jirani yake wa kibanda kwa maisha yao yote ya kazi. Hawakuwa wameonana tangu wafunge, kwa sababu ya mlima ule tu. Alipumzika njiani mara nyingi, akisubiri maumivu yapungue, kisha anaendelea. Alifika jua limepanda. Mkwe wa mwenye nyumba alikuwa anatoka kwenda kazini kwa zamu yake, akamwonyesha chumba, akaenda zake.

Mzee mwenzake alikuwa kitini, blanketi miguuni, ingawa kulikuwa na joto. Akamkazia macho.

"Nilidhani umekufa," akasema.

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Wakacheka mpaka wakakohoa. "Umekuja na nani?"

"Nimekuja na miguu yangu."

Fundi Saa akaanza kumsimulia habari za mashine, za damu inayofagia, za mguu mmoja kijana na mmoja mzee. Mwenzake aliitikia, "Eh, eh," kisha eh zikawa chache. Kumbe amelala, kidevu kifuani. Fundi Saa akasogea karibu. Aliinua pembe ya blanketi akatazama ile miguu, myembamba, myeupe kwa ukavu, iliyovimba vifundoni. Akamfunika tena.

Hakumwamsha. Alingoja mpaka mkwe aliporudi jioni, akaaga kwa sauti ya chini.

"Atafurahi ukija tena, Babu," mkwe akasema. "Hana anayemjia."

"Nitakuja kesho kutwa. Nitakuja kumrushisha mguu, apende asipende."

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, na mguu wa kushoto ulimuuma njia nzima. Nyumbani alivua viatu, akapika, akala peke yake.